Kipimo cha Ulemavu na Haki ya Mwananchi

(Maneno ya hotuba iliyotolewa na mmoja wa makatibu wa chama mbele ya wajumbe wa matawi ya Pwani)



Tuliombwa tuseme leo juu ya kuandikisha wanachama wapya. Tutasema, lakini siku nyingine. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme habari ya mkokoteni.

Mwaka jana tulimpeleka mjomba wa mwanachama mmoja katika hospitali ya Serikali akapimwe ulemavu wake. Mzee huyu alikuwa mkwezi wa minazi. Siku moja kuti lilikatika mkononi, akaanguka, na tangu siku hiyo miguu yake miwili imekufa. Sasa hukaa chini barazani kwake akichonga vigoda na mbuzi za kukunia nazi, na mama zetu hapa wengi wanazo jikoni mwao. Kwao hakuna njia ya gari. Vijana wawili walimtoa kwa mkokoteni wa kubebea maji mpaka barabara kuu, tukapanda matatu, na utingo akatutoza nauli ya watu wawili kwa ajili yake, kwa kuwa hawezi kukunja miguu. Tulifika saa mbili asubuhi. Tukaambiwa daktari anayehusika huja siku ya Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Alhamisi tukarudi: mkokoteni, matatu, nauli ya watu wawili. Daktari alikuwapo. Alikuwa kijana mwenye adabu, na watu mlangoni kwake walikuwa wengi mno. Alimgusa mzee miguu, akaanza kuuliza. Waweza kukaa mwenyewe? Mzee akasema, naweza. Waweza kula mwenyewe? Naweza. Waweza kuvaa nguo? Hapo mzee akajitutumua mbele ya vijana waliomleta, akasema, "Naweza. Na hicho kiti ulichokalia naweza kukuchongea kizuri zaidi." Tukacheka sote, na daktari akacheka. Kisha akaandika.

Kadi ya ulemavu ilitoka baada ya miezi mingi. Lakini jina la mzee lilipofika kwa wanaochagua watu wa kupewa fedha za kila mwezi, likarudi na neno moja: anajiweza. Tulipompelekea habari hiyo alinyamaza kitambo, halafu akatwambia, "Mwanangu, mngeniambia mapema. Ningejifanya maiti."

Ndugu wajumbe, maneno hayo hayajatutoka. Mtu aliyepoteza miguu akakataa kuomba njiani, akajifunza kazi ya mikono, Serikali yake imemfundisha kwamba kosa lake ni kujitahidi. Jirani yake ambaye hushinda kitandani akitazama ukuta yumo katika orodha, na ni haki yake kuwamo. Yule anayechonga hayumo. Kipimo cha namna hiyo humwambia mwananchi: ficha nguvu zako, onyesha majeraha yako, nasi tutakufikiria.

Kwanza tuseme jambo ambalo wengi wetu hatulijui, hata sisi viongozi. Fedha hizi si sadaka. Katiba tuliyoipigia kura mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawasaidia wale wasioweza kujikimu wenyewe na wanaowategemea. Kifungu cha 54 chasema mtu mwenye ulemavu atatendewa kwa heshima na kwa utu, hata katika namna ya kumwita. Apate kuingia katika majengo na kupanda magari ya umma. Apate vyombo vya kumsaidia kushinda vizuizi. Tena kabla ya hapo, mwaka 2008, nchi yetu ilikwisha kuukubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Sheria yetu ya kwanza ya mambo haya ni ya mwaka 2003, nayo mwaka 2025 ikaondolewa ikawekwa nyingine mpya. Kwa hiyo karatasi hatukosi. Karatasi tunazo tele.

Mkataba ule una neno moja kubwa ambalo yafaa kila tawi lilijue. Hausemi kwamba ulemavu ni mguu uliopooza au jicho lisiloona, basi. Wasema ulemavu ni pale upungufu wa mwili au wa akili unapokutana na vizuizi, mtu akazuiwa kushiriki sawa na wenzake. Yaani mguu uliopooza ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ile njia isiyopitika, ile matatu inayotoza nauli mara mbili, ngazi za ofisi, na yule daktari anayekuja Alhamisi tu. Sasa tazameni: mzee wetu alipopimwa, ni nusu ipi iliyopimwa? Alipimwa miguu. Hakuna aliyeuliza amefikaje pale. Mkokoteni ulikuwa nje mlangoni, wala hakuna mahali katika fomu pa kuuandika.

Hebu tueleze mambo yanavyokwenda, maana wengi huchanganya. Milango ni miwili. Mlango wa kwanza ni wa hospitali. Mwombaji huchunguzwa katika hospitali ya Serikali, madaktari hujaza fomu ya ulemavu wake, fomu huidhinishwa, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu humwandikisha na kumpa kadi. Kwa kadi hiyo mtu aweza kuomba vyombo, kama kiti cha magurudumu, au karo, au msamaha wa kodi. Kwa mfanyakazi, msamaha huo ni wa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa kila mwezi. Hilo ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini ni wangapi hapa wenye mshahara wa kutozwa kodi? Tena cheti cha msamaha kina siku yake ya kufa, nacho kikifa mtu huombwa aombe upya, kana kwamba mkono uliokatwa huota kama mhogo.

Mlango wa pili ni wa fedha taslimu, katika mpango wa Inua Jamii. Fedha za watu wenye ulemavu mkali zilianza kutolewa mwaka 2011. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, nazo ni za nyumba nzima, si za kila mtu. Mama mwenye watoto wawili wasioweza kutembea hupata zile zile. Gawanyeni kwa siku 30, haifiki shilingi 67 kwa siku. Kiasi hicho kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka 10, na unga haukukaa palepale. Masharti yake ni kwamba ulemavu uwe mkali hata mtu ahitaji kuangaliwa na mwingine wakati wote, nyumba iwe ya maskini hohehahe, na asiwepo mtu ndani yake anayepata pensheni au fedha za mpango mwingine. Basi aliye na kadi hadhani kuwa amepata fedha; kadi si fedha. Wako watu wenye kadi miaka mingi ambao hawajaona shilingi, na wako wengine wasio hata na nauli ya kuifuata hiyo kadi.

Na pale kwenye mlango wa pili majina husomwa barazani, mbele ya watu wote, ili kijiji kiseme kama ni kweli. Nia yake ni njema; ni kuzuia mtu asimwandike shemeji yake. Lakini tuliona kwa macho yetu katika baraza moja mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, mwana wa miaka 9, amembeba mgongoni. Akaulizwa mbele ya umati: huyu hujisaidia wapi? Humlishaje? Je, hujua hata jina lake? Mama akajibu yote, macho yake chini. Mtoto alikuwa akisikiliza. Twasema alikuwa akisikiliza kwa sababu mama alipofika kwenye jibu la mwisho, mtoto akacheka kwa sauti, akalitaja jina lake mwenyewe kwa namna yake, na watu wa nyuma wakanung'unika: ahaa, kumbe ana akili!

Furaha ya mtoto ikawa ushahidi dhidi ya mama yake.

Sisi ni mwalimu kwa kazi yetu. Chuoni tulifundishwa kwamba darasa zima likianguka mtihani, mtazame kwanza mtihani, kisha mwalimu, kabla hujaushika mkongojo wa kuwachapa watoto. (Mkongojo siku hizi umekatazwa, na ni vyema.) Swali baya huleta jibu baya, hata anayejibu awe mkweli. Jambo hili si dogo. Laweza kufuta watu maelfu kwa maelfu bila kumwua hata mmoja.

Mwataka mfano? Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba wananchi wenye ulemavu nchini Kenya ni milioni 1.3 na kidogo, yaani 3.5 katika kila mia. Hesabu ya mwaka 2019 ikaonyesha 916,692, yaani 2.2 katika kila mia. Nchi iliongezeka watu karibu milioni 9 katika miaka hiyo 10, na wenye ulemavu wakapungua laki nne! Waliponea wapi? Hawakupona. Kwanza watoto wa chini ya miaka 5 hawakutiwa katika hesabu ile ya pili. Lakini kubwa zaidi, swali lilibadilika. Watu waliulizwa kama wana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na wakahesabiwa wale tu waliosema wana shida nyingi au hawawezi kabisa. Aliyejibu kwa ujasiri, "shida kidogo, Mungu anasaidia," aliachwa nje. Na nani kati ya wazee wetu hasemi Mungu anasaidia?

Jirani zetu Tanzania walihesabu mwaka 2022, wakapata 11.2 katika kila mia kwa watu wa miaka 7 na zaidi. Sasa, mtu akivuka pale Lunga Lunga akaingia Horohoro, ulemavu huongezeka mara tano? Watu ni wale wale, wanaozana na kuzikana. Kilichobadilika ni swali la karani na mstari uliochorwa ofisini. Na fedha hupangwa kwa hesabu hizo. Waziri akiambiwa ni wachache, hutenga za wachache.

Kuna wasomi wetu wanaosema dawa ni kuacha mambo ya barazani, tuweke kipimo cha alama kama cha nchi tajiri, kisicho na upendeleo, kila mtu na maksi zake. Twawaomba wasome kwanza yaliyowapata wenzetu Uingereza. Mwaka 2008 Serikali ya huko ilianzisha kipimo cha kuangalia kama mgonjwa au mwenye ulemavu aweza kufanya kazi. Kupima wakapewa kampuni za biashara. Mtu huulizwa: waweza kuinua mkono? Waweza kubonyeza kitufe? Waweza kwenda umbali gani? Kila jibu lina alama zake, na kwa kawaida asiyefikisha alama 15 huambiwa yu mzima wa kutosha kufanya kazi. Mwaka 2013 wakaleta msaada mwingine mpya kwa watu wazima wenye ulemavu, nao una alama zake. Kabla ya hapo, mtu asiyeweza kwenda mita 50 alihesabiwa kuwa kutembea kwake ni kwa shida kubwa mno. Sasa kwa malipo ya juu wakaweka mita 20. Mita 20, ndugu zangu, ni kutoka hapa tulipo mpaka kwenye tangi lile la maji. Aliyeweza kufika kwenye tangi akapita kidogo, hata kwa kukokota miguu, alijikuta katika hatari ya kupoteza gari alilokodishiwa kwa fedha zile, ambalo ndilo lililomfikisha kazini. Kipimo cha kuwapeleka watu kazini, na kingine cha kuwaondolea njia ya kufika huko!

Watu hawakukubali. Walikwenda rufani, na kwa miaka mingi sasa zaidi ya nusu ya rufani za msaada ule zilizosikilizwa mbele ya waamuzi zimeshindwa na Serikali. Fikirini hapo. Mizani ya duka ikikosea mara moja katika mara mbili, mwenye duka hatavunjiwa duka? Mwaka 2016 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba tuliokwisha kuutaja ilichunguza mambo ya Uingereza, ikasema haki za watu wenye ulemavu zimevunjwa vibaya na kwa mpango. Serikali ya huko ilikataa maneno hayo. Lakini mwaka 2017 yenyewe ilikubali kwamba wagonjwa wa hali ngumu isiyobadilika wasiitwe tena na tena kupimwa katika kipimo kile cha kazi. Miaka 9 ilipita kabla ya kukubali kwamba mguu hauoti.

Hatusemi hayo ili tuwacheke Waingereza. Wao wana fedha ambazo sisi hatuna, na mtu wao akinyimwa ana waamuzi wa kumsikiliza. Twasema ili mtu asije akatuuzia mashine ya alama kana kwamba ni dawa. Baraza la kijiji laweza kuwa na upendeleo, na fomu yaweza kuwa na upendeleo. Tofauti ni kwamba fomu haioni haya.

Tutaulizwa: na wadanganyifu je? Swali hili ni la haki, wala hatutalikimbia. Wapo. Wapo wazima wenye miguu yao wanaotafuta cheti ili wasilipe kodi, na wapo wenye fedha walioandikisha majina ya watu wao katika orodha za maskini. Mtu wa namna hiyo ni mwizi, na tena anamwibia aliye chini kabisa. Lakini tazameni nani huzuiwa na mlolongo huu wa safari na mihuri. Mdanganyifu ana gari. Ana mtu ndani ya ofisi. Yeye hurudi Alhamisi bila taabu. Anayeshindwa kurudi ni yule ambaye huo ulemavu wenyewe ndio unaomzuia kurudi. Tumeweka ua mrefu kumzuia mbuzi, na mbuzi anaruka. Aliyezuiwa ni mwenye shamba.

Tena kuna magonjwa yasiyojua siku ya daktari. Kifafa hakianguki kwa miadi. Mtu aliye na maradhi ya akili aweza kuamka siku ya kupimwa akiwa mtulivu, amenyoa, amevaa kanzu safi, akajibu kila swali. Na wiki inayofuata hajui mkewe ni nani. Kiziwi huulizwa maswali bila mkalimani wa lugha ya ishara, akitikisa kichwa kwa heshima huandikwa "amekubali." Sisi wenyewe tuna deni hapa. Tulipokuwa tukifundisha, tulikuwa na mwanafunzi wa kike tuliyemwita mzito. Tulimweka nyuma ili asiwachelewesha wenzake. Mwaka ulikwisha ndipo mama yake akatwambia hasikii sikio la kulia, na la kushoto husikia kidogo. Tulikuwa tumempima kila Ijumaa kwa mwaka mzima, kwa kalamu nyekundu, nasi tumemaliza chuo na vyeti vyetu tunavyo. Kwa hiyo tukimsema daktari yule kijana, hatumsemi kama watu tusio na doa.

Na chama chetu nacho. Ofisi ya tawi letu iko ghorofani juu ya duka, ngazi 17, tumezihesabu. Wakati wa kura tumewahi kugawa viti vya magurudumu na kupiga picha, na baada ya kura hatukurudi kuuliza kama magurudumu yanapita kwenye mchanga. Hayapiti. Kimoja tulikikuta kimefugiwa kuku.

Hata maneno yetu. Tunasema kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, kibubu, wote tumewatia katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kisu. Tulipolisema hili katika mkutano mmoja, mzee mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, hata kiongozi yumo humo humo." Tulikosa jibu. Hata sasa tumelisema neno kiziwi hapa mbele yenu na hamkushtuka. Basi tusigombane sana juu ya ngeli. Katiba yataka mtu aitwe kwa heshima, na njia iliyo rahisi ni kumwuliza mwenyewe aitweje. Wengi watakutajia jina lao.

Sasa tufanye nini? Kuna mambo ya kudai na mambo ya kufanya bila kumngoja mtu.

La kudai kwanza ni kwamba daktari aende kwa watu. Kila mwezi, au kila miezi miwili, timu ya kupima ifike katika zahanati za mashambani kwa siku iliyotangazwa. Gari moja la Serikali kwenda ni rahisi kuliko mikokoteni 40 kuja. La pili, ulemavu usiobadilika upimwe mara moja, basi. La tatu, anayepima aulize nusu ile ya pili: njia, maji yako mbali gani, nani hukusaidia na yeye hukosa kazi gani kwa ajili hiyo. Na asiadhibiwe mtu kwa kuwa ana kazi ya mikono. Kama kuna la nne, ni kwamba mambo ya faragha yasiulizwe mbele ya umati. Wazee watatu na mama wawili wanatosha kusikia habari za choo cha mtoto.

La kufanya ni hili. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 47, yampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi iwapo uamuzi wa ofisi umeigusa au waelekea kuigusa vibaya haki yake. Ndugu wajumbe, ni wangapi kati ya watu wetu waliokataliwa wameomba sababu kwa maandishi? Tuliuliza katika matawi manne, hatukupata hata mmoja. Mtu huambiwa kwa mdomo, "jina halikutoka," naye hurudi nyumbani kama aliyeambiwa mvua haitanyesha. Kuanzia sasa kila aliyekataliwa aandikiwe barua na tawi lake, kwa Kiswahili safi, kwa adabu, ikiuliza: amekataliwa kwa sharti gani, nani ameamua, na rufani yake iende wapi. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Asitokee mtu wa kuwaambia barua ya Kiswahili haisomeki. Nakala ibaki kwenye tawi. Barua moja huweza kupotea, lakini 30 zenye tarehe hazipotei zote.

Jambo la pili ni daftari la siku. Kabla mtu hajaenda kupimwa, wa nyumbani wamwandikie siku 14: ameamkaje, nani amemwinua, ameanguka mara ngapi, siku mbaya ilikuwaje na siku njema ilikuwaje. Wasioandika wasaidiwe na wanafunzi wetu. Daktari ana dakika chache tu. Mpeni wiki mbili za kusoma. Lakini, na hapa tunasema kwa ukali, andikeni kweli. Msimwambie mtu ajifanye maiti. Mzee wetu alisema kwa uchungu, nasi tumeyakumbuka kwa uchungu, ila hatutajenga haki kwa uwongo. Iandikwe kwamba anachonga. Iandikwe pia kwamba mti anauletewa na mtu, choo anapelekwa na mtu, na mbuzi za nazi zinauzwa na mtu ambaye huchukua nusu ya bei.

Watu wenye ulemavu wenyewe ndio watakaoongoza kazi hii. Tusiwafanyie kamati ya watu wa miguu miwili inayokwenda kuwasemea. Tumepeleka jina la mzee wetu kuwa mwenye daftari la tawi, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba asiitwe mgeni wa heshima.

Barua yake ya kuuliza sababu ilipelekwa siku ya Jumatatu, na nakala imepigwa mhuri wa kupokelewa. Jibu halijaja. Safari ya kwanza ya kupeleka watu hospitali ni Alhamisi ya wiki ijayo. Waliojiandikisha mpaka asubuhi hii ni 11, na mwanachama mmoja mwenye gari la mizigo amejitolea kwa mafuta tu. Tunahitaji vijana sita wenye mgongo mzima, mama wawili wa kwenda na wale wanawake watatu, na mtu anayejua lugha ya ishara. Wafike hapa saa kumi na moja alfajiri. Wenye kutaka kuandikisha ndugu zao wasipande ofisini. Meza tumeishusha, iko nje chini ya mwembe, na mzee ameshakaa tangu saa mbili.